Tanzia Iliyochelewa Mtongwe

Najib alifika makaburini Magogoni watu wakikung'uta mchanga mikononi. Alikuwa ametoka Mtongwe, upande wa Likoni, amevuka feri, amekatiza kisiwa kizima juu ya bodaboda na kuruka chini kabla haijasimama. Kofia alikuwa ameishika mkononi. Alilitazama kaburi jipya, kisha akamtazama nduguye mkubwa, Mwinyihaji, ambaye kanzu yake ilikuwa na udongo magotini kwa sababu ndiye aliyeshuka ndani kumpokea dada yao, Dhahabu.

"Umeshuka na nani?" Najib akauliza, bila salamu.

"Na mwanawe. Na Abdulghani."

"Abdulghani huyu jirani?"

"Ndiye."

"Mimi na Dhahabu tumetoka tumbo moja. Mahali pangu kaburini mumemtia jirani."

Watu waliokuwa karibu wakajifanya wanatafuta viatu vyao.

"Nilitangaza saa moja na dakika ishirini asubuhi," Mwinyihaji akasema. "Kwa sauti yangu mwenyewe."

"Mimi nimeisikia saa sita kasorobo. Saa sita kasorobo, kaka! Na mazishi ni saa saba. Hukutaka nifike. Sema, watu wasikie."

Lililomzuia Mwinyihaji kujibu ni jambo ambalo Najib hakulijua. Imamu alipouliza kama kuna wa kusubiriwa, Mwinyihaji aliitazama barabara, akaona haina mtu, akasema kwa kinywa chake, "Tusisubiri." Kwani yeye naye aliamini kwamba mdogo wake amesikia na amekataa kuja.

Ndivyo ndugu wawili walivyodhaniana vibaya juu ya kaburi moja. Najib aligeuka, akaenda zake. Hakukanyaga matangani.

Mwinyihaji alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alizaliwa huko huko Mtongwe, katika nyumba ya wakulima wa minazi na muhogo, na alipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili aliandikwa kazi bandarini Kipevu, kwenye chumba cha redio, kazi ya kusema na meli. Alisema nazo miaka thelathini na mmoja. Msimamizi wake wa kwanza, mtu mkavu asiyecheka, alimfundisha sheria mbili. Ya kwanza: sauti ikija, ipitishe, usiulize meli ni ya nani wala imebeba nini. Anayezama ndiye pekee wa kupishwa mbele, wengine wote wafuate zamu. Ya pili: andika saa. Saa uliyoipokea sauti, saa uliyoipitisha, saa uliyojibiwa. Msimamizi alikuwa akisema kwamba mtu anaweza kukuruka, lakini daftari halikuruki.

Alipostaafu aliondoka Kipevu na sauti nzito iliyozoea kusikika katikati ya mikwaruzo, na mazoea ya daftari. Vyote viwili alivirudisha nyumbani Mishomoroni, kwa mkewe Mastura, ambaye hakuona vitamfaa nini.

Kazi ya tanzia ilimjia bila kuitafuta. Spika ya msikiti hufika pale upepo unapoifikisha. Aliye Mishomoroni husikia kwamba fulani amefariki, na shemeji yake aliye Changamwe hasikii kitu. Na Mwislamu wa pwani hangoji. Akifa alfajiri, adhuhuri yuko chini ya ardhi. Siku moja mzee wa jirani alizikwa, na binti zake watatu wa Changamwe wakaja jioni na vikapu vya ndizi, wakicheka njiani, wakidhani wanakuja kumtazama mgonjwa. Mwinyihaji alikiona kicheko kile kikifa mlangoni. Kesho yake akamwomba bintiye Ummi, kabla hajaolewa kwenda Malindi, amtengenezee ukurasa kwenye mtandao. Wakauita Tanzia za Bara, maana mitaa hiyo yote iko bara, ng'ambo ya kisiwa. Hauna picha, hauna rangi. Ni sauti tu: jina la marehemu, jina la babake na mamake, mtaa, saa ya kuzikwa, mahali.

Akawatangaza wote. Waislamu aliwatangaza upesi upesi. Wagiriama na Wakristo wengine, ambao maiti wao hukaa chumba cha baridi wiki au mbili hadi jamaa wakamilike, aliwatangaza taratibu na kuwarudia. Watu wakazoea. Asubuhi, kabla ya chai, mtu alifungua Tanzia za Bara kama mtu anavyofungua dirisha.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa redio, hakuridhika kusema bila kujibiwa. Alichagua wawili wa kumjibu. Changamwe alikuwa na Kafedha, mke wa dereva wa lori, na Likoni alikuwa na Nyamvula, anayekaanga viazi vya karai karibu na feri. Kila akiweka tanzia, wawili hawa walimtumia ujumbe mfupi wa neno moja, "Nimepata," naye akaandika saa.

Kisha ikaja Kaskazi Net.

Kaskazi ilikuwa kampuni iliyokuja na minara na tabasamu. Ilitangaza intaneti ya bure kwa mitaa ya bara: Mishomoroni, Magogoni, Likoni yote hadi Mtongwe. Bure kabisa. Watu wakaacha kununua bando. Nani angenunua maji na mvua inanyesha? Changamwe tu haikufikiwa, na watu wa kule wakabaki na bando zao za kununua, wakilalamika kwamba wamesahauliwa.

Mnara wa Likoni ulihitaji ardhi. Najib, aliyebaki Mtongwe kulima shamba la baba yao, akawapa pembe moja, pale palipokuwa na jiko la mama yao.

"Umewapa kwa miaka mingapi?" Mwinyihaji alimuuliza.

"Kumi na mitano."

"Na hiyo bure yao, umewauliza wanakula nini?"

"Kaka, wewe umekaa na meli mpaka unaona kila mtu mwizi wa mizigo."

"Na wewe umekaa na minazi mpaka unaona kila kilichosimama wima kina nazi."

Basi yalianza kwa mzaha kama huo, yakaishia pabaya. Miezi minane hawakusemezana. Haja ikitokea, Mwinyihaji alimwambia Dhahabu, "Mwambie nduguyo." Najib naye, "Mwambie kaka." Dhahabu, katikati yao kule Magogoni, aliwacheka wote wawili na kuyafikisha maneno, akiyapunguza makali njiani. Dhahabu ndiye aliyekuwa simu yao.

Na sasa aliyekufa ni Dhahabu.

Alfajiri ile Mwinyihaji alimpigia Najib mara moja. Simu ililia hadi ikakatika. Akajiambia, ameliona jina langu akaliacha lilie. Hakurudia. Akasema moyoni kwamba Najib husikiliza Tanzia za Bara kila siku na chai yake, hilo Dhahabu mwenyewe alimwambia. Akakaa, akasafisha koo, akarekodi.

Siku ya kuondoa tanga, nyumba ilipobaki na harufu ya ubani na mikeka iliyokunjwa, Mwinyihaji alilichukua daftari akaliweka magotini. Mastura alikuwa akihesabu masufuria ya kuazima.

"Baba Ummi, unatafuta nini humo? Dhahabu hayumo."

"Natafuta saa nne na dakika ishirini na tano. Ndio muda aliosema Najib. Kutoka saa moja na dakika ishirini hadi saa sita kasorobo."

"Na wewe unamwamini?"

"Wallahi sijui. Ndiyo maana natafuta."

Akaipata siku ya Dhahabu, tarehe ishirini na sita, akasoma muda uliopita kutoka kutangaza hadi kujibiwa. Changamwe, Kafedha: dakika moja. Likoni, Nyamvula: saa nne na dakika kumi.

Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Tarehe ishirini na tatu, bibi mmoja wa Magogoni. Changamwe dakika moja, Likoni saa tatu. Tarehe kumi na saba: Likoni saa mbili na nusu. Mwandiko wote ulikuwa wake. Aliandika siku kumi na tano bila kusoma alichokiandika. Akiona Nyamvula kachelewa, alisema kimoyomoyo, mama wa watu ana wateja, na karai haliachwi likiungua.

"Mama Ummi, njoo hapa. Tazama."

Mastura aliinama. Alikuwa amesoma darasa saba tu, lakini macho yake yalikuwa makali kuliko ya wengi wenye vyeti. Kidole chake kikapanda juu ya ukurasa, juu zaidi, kikasimama.

"Hapa zilikuwa dakika moja moja kote. Likoni, Changamwe, sawasawa. Zinaanza kuharibika tarehe kumi na moja. Tarehe kumi na moja kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu."

"Na kabla yake?"

Mwinyihaji akasoma. Tarehe tisa: Tinga, mwana wa Ruwa na Kanze.

Walitazamana. Kijana Tinga alikuwa bodaboda wa hapo hapo Mishomoroni. Jumanne jioni watu wasiojitaja walimchukua kwao. Alhamisi babake alimkuta chumba cha maiti. Mamake, Kanze, alikuja kwa Mwinyihaji akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema maneno yake, na Mwinyihaji akayarudia vilevile kama alivyorudia maneno ya manahodha: "Tinga, aliyechukuliwa nyumbani kwao akiwa mzima, na watu ambao familia inaomba wajitaje." Hakuongeza neno, hakupunguza.

"Sasa hata maiti wanapangiwa foleni," Mastura akasema. Hakuwa anacheka.

Duka la Kaskazi lilikuwa Kiembeni, lina kioo mbele na baridi ndani. Aliyempokea alikuwa msichana nadhifu, Eddah, Mgiriama wa Kaloleni, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana kwa msiba. Karibu ukae."

"Marahaba. Umejuaje kwamba nimefiwa?"

Eddah alitabasamu. "Mzee, sauti yako nani haijui?"

Jibu lilikuwa zuri, na kwa sababu hiyo hiyo halikumpendeza. Akafungua daftari mezani. "Kwa nini mnanichelewesha?"

"Hatumcheleweshi mtu, baba. Zipo kurasa ambazo wenyewe ni washirika wetu. Hizo hupita njia ya haraka. Nyingine hupita njia ya kawaida."

"Na ya kawaida ni saa nne?"

"Hutegemea msongamano."

"Saa moja asubuhi, Mtongwe. Msongamano wa nani? Wa kuku?"

Eddah alicheka kabla hajajizuia. Mwinyihaji hakucheka.

"Kwenu mtu akifa, mwanangu, mnamzika baada ya muda gani?"

"Kama wiki mbili. Tunangoja wa Nairobi wafike."

"Basi ndiyo maana saa nne kwako ni kitu kidogo. Kwetu saa nne ni kumzika mtu bila nduguye."

Msichana akaangalia kucha zake. "Hilo sikuliwaza," akasema taratibu, na kwa dakika hiyo Mwinyihaji alimwamini. Kisha Eddah akavuta karatasi, sauti ikarudi ya kazi. "Lakini suluhisho lipo. Ingia ndani ya ukurasa wetu, Taarifa za Kaskazi. Tanzia zako zitafunguka hapo hapo, papo kwa papo. Wewe unatutumia sauti, wahariri wetu wanaipitia, inatoka."

"Wanapitia nini? Jina la maiti?"

"Utaratibu tu. Na kusema kweli, baba, si sisi. Serikali ndiyo iliyotuagiza. Barua ninayo."

Akamwonyesha. Mwinyihaji aliisoma kwa kidole. Ilitoka ofisi ya serikali ya eneo. Ilikuwa barua fupi, ikitaja watu wanaorusha sauti bila kusajiliwa. Alisoma maneno yote, kisha akasoma kile ambacho mtu wa redio husoma kwanza: tarehe. Kumi na tisa.

"Barua ni ya tarehe kumi na tisa. Mimi mmeanza kunichelewesha tarehe kumi na moja."

"Pengine kulikuwa na simu kabla ya barua."

"Pengine," akasema Mwinyihaji, na akafunga daftari.

Njiani alikwenda akijiuliza kama msichana yule alikuwa muongo au alikuwa karani tu, aliyepewa maneno kama anavyopewa sare. Hakupata jibu. Lakini jambo moja alilipata, naye akalishika kwa hasira iliyomrudisha ujanani. Mtu amejenga njia. Vizuri, shukrani kwake. Je, kwa kuwa ameijenga, ndiyo asimame katikati yake, ainue shuka ya jeneza, atazame aliyelala ni nani, kisha aamue limpite mbio au likae juani? Meli za nchi adui zilipita kwenye redio yake na hakuna aliyeziuliza. Dhahabu, aliyefuga kuku na kuuza mahamri, yeye akawekwa pembeni.

Akaona dawa ni serikali. Kampuni imezidi, juu ya kampuni si kuna serikali? Kesho yake akavaa koti na kwenda kwenye ofisi iliyoandika barua.

Afisa aliitwa Thoya. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, na feni yake ilizunguka kwa kelele.

"Mzee Mwinyihaji! Karibu, karibu. Hawa wa Kaskazi wamejiona dola siku hizi. Wanasema sisi tumewaagiza? Barua yetu inauliza tu. Kuuliza si kuagiza. Kupunguza na kuongeza, hayo ni ya biashara yao."

"Basi waambieni waache."

"Nitawaambia leo leo! Ninayo nguvu hiyo. Lakini nisaidie nikusaidie. Wewe hujasajiliwa. Jaza fomu hii, nikupe cheti, wakikugusa tena nawafungia mnara." Akamsogezea fomu na kalamu juu yake.

Mwinyihaji alivaa miwani. Fomu ilikuwa na kurasa mbili. Katika ya pili kulikuwa na mstari kwamba tangazo la kifo chenye utata litasubiri idhini.

"Kifo chenye utata ni kipi?"

"Ah, mzee wangu, wewe ni mtu mzima, unaelewa. Wengi wanakufa kwa sukari, kwa uzee, kwa ajali. Hao tangaza asubuhi hadi jioni. Lakini kuna vifo vinavyochemsha watu. Kama tanzia ile ya mtoto wa Ruwa. Watu mia tatu na kumi na wawili wameisikiliza, tisini wako Magogoni peke yake. Unaona inavyosambaa?"

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Mwinyihaji. Akaiweka chini.

"Mia tatu na kumi na wawili," akasema.

"Naam."

"Mimi mwenye ukurasa siijui hesabu hiyo. Binti yangu hakuniwekea kitu cha kuhesabu watu. Sijawahi kujua wananisikiliza wangapi, sembuse wako mtaa gani."

Feni ilizunguka. Thoya alipanga karatasi zilizokuwa zimepangika.

"Ni makadirio tu, mzee."

"Mtu akikadiria husema mia tatu. Hao kumi na wawili umewatoa wapi?"

"Unajua, tunashirikiana na wadau..."

"Wadau," Mwinyihaji akarudia. Akaondoa miwani, akaikunja. "Nimekuja kukushitakia mtu, kumbe mnakula sinia moja."

"Usiende na fomu tupu, mzee! Wenye njia watakuumiza."

"Na nikiijaza nitaumizwa na wawili."

Alitoka. Nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa malori. Alisimama karibu na muuza miwa. Siku zote alidhani hawa wawili ni fahali wanaovutana, na kwamba mnyonge akiwa mwerevu atamwita mmoja amzuie mwenzake. Ndivyo sote tunavyofundishwa shuleni: serikali itamdhibiti tajiri, na tajiri asiyetaka kuguswa ataibana serikali, na sisi katikati tutapumua. Na huenda siku moja itakuwa hivyo, tukiidai. Lakini pale, mbele ya miwa, aliona milango miwili yenye ufunguo mmoja. Mmoja anajua nani amemsikiliza marehemu, mwingine anajua amfanye nini aliyesikiliza. Na kila ukigonga hapa, unaelekezwa kule.

Jioni alimweleza Mastura.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitasoma."

"Utasoma nini?"

"Daftari."

Alirekodi kwa sauti ile ile ya tanzia, bila kuipandisha. Alisoma tarehe, jina la marehemu, saa aliyotangaza, saa iliyofika Changamwe kwa bando la kununua, saa iliyofika Likoni kwa intaneti ya bure. Moja baada ya moja, maiti sita. Hakumtaja Eddah wala Thoya, hakutukana mtu. Mwisho akasema, "Mimi ni Mwinyihaji wa Mishomoroni. Saa hizi nimeziandika mwenyewe. Aliyechelewa kumzika mtu wake, ajue hakuchelewa yeye." Jina la sita lilikuwa la Dhahabu binti Hamisi.

Kafedha aliipata kule Changamwe kwa dakika moja. Akaituma kwa wake wa madereva, madereva wakaenda nayo hadi foleni ya Kipevu, na kutoka huko ikavuka kwa simu za watu hadi kwenye karai la Nyamvula, ambaye aliifungua kwa sauti ya juu kila feri iliposhusha watu. Wengine walisimama wakasikiliza jina la mtu wao. Mwanamume mmoja aliacha viazi vyake mezani akaondoka analia.

Siku ya tatu tanzia ya mzee mmoja wa Magogoni ilifika Likoni kwa dakika moja. Saa hiyo hiyo Eddah akatuma ujumbe: Shikamoo mzee, kulikuwa na hitilafu ya mitambo, imerekebishwa. Samahani kwa usumbufu.

Mastura alipiga kigelegele kifupi. "Wamekuogopa, Baba Ummi!"

"Hawakuniogopa. Aliyefungua leo ni yule yule aliyefunga juzi, na ufunguo bado uko mfukoni mwake." Akaandika: Likoni, dakika moja. Pembeni akaweka alama ya kuuliza.

Kisha akalifunga daftari kwenye mfuko wa plastiki, akavuka feri.

Mnara wa Mtongwe ulikuwa umezungushiwa uzio wa waya, na Najib alikuwa amekaa kwenye kivuli chake chembamba akifua nazi. Alimwona kaka yake tangu kwenye njia, hakuinuka. Mwinyihaji hakungoja kukaribishwa. Alikaa juu ya rundo la makumbi, akamnyooshea daftari lililofunguliwa.

Najib alifuta mikono, akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Nimesikia kwa Nyamvula," akasema hatimaye. "Nilidhani umejitungia ili ujisafishe." Akainua uso kuutazama mnara. "Chuma hiki kimesimama juu ya jiko la mama. Nalala chini yake. Na habari ya dada yangu imewapata watu wa Changamwe, mimi nimeikosa."

"Endelea kusoma. Hujafika mwisho wa siku ile."

Najib akaendelea. Chini kabisa, kwa mwandiko ule ule, palikuwa pameandikwa: Saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. Najib. Nimepiga mara moja. Hakushika. Sikurudia.

"Kwa nini hukurudia?"

"Nilidhani umeniona ukaniacha."

"Nilikuwa kisimani, kaka. Simu ilikuwa ndani kwenye chaji. Niliporudi nikaona umepiga mara moja tu, nikadhani umebonyeza kwa makosa."

"Kampuni ilinichelewesha saa nne. Hilo nitalidai mpaka nife. Lakini mara ya pili ya simu hakunizuia mtu. Na imamu alipouliza, ni mimi niliyesema tusisubiri."

Najib aliokota nazi nyingine, akaipachika kwenye kifuo, akaifua kwa nguvu, ya pili, ya tatu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kama mtu anayemenya vitunguu.

"Nenda zako leo," akasema. "Sina la kukujibu."

Mwinyihaji aliondoka. Hakusamehewa, na hakuomba kusamehewa. Lakini tangu siku ile, mtu akija kwake na habari ya kifo, humuuliza kwanza swali jipya: "Ni watu gani ambao bila wao hazikwi?" Huandika majina, huwapigia mmoja mmoja hadi ashike, na anayeshika huagizwa apigie wengine watatu. Ukurasa huja nyuma. Anajua kwamba hata simu zina wenyewe, na kwamba huenda kuna anayehesabu. Saa zote huandikwa.

Ijumaa moja baada ya kifungua kinywa, hakuna aliyekuja na habari. Mishomoroni yote ilikuwa nzima. Mwinyihaji alikaa na ukurasa mtupu wa daftari, akaitazama simu, akapiga Mtongwe. Ililia hadi ikakatika. Mastura, aliyekuwa akifagia, alisimama na ufagio.

Akapiga tena.

"Nani?" sauti ya Najib ikauliza kwa hofu. "Kaka, nani?"

"Hapana. Hajafa mtu. Nimepiga tu."

Kimya kilikuwa kirefu, chenye mikwaruzo, na mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja kwenye redio hakuweza kujua ni upepo, ni mnara, au ni mtu mwingine anayesikiliza.

"Haya," Najib akasema. "Sema."

Mwinyihaji akavuta kalamu. Saa tatu na dakika nne. Najib. Mara ya pili. Ameshika.